Baada ya Magharibi Sipatikani

Nimekuwa kimya karibu mwezi mzima, na najua kuna wanaoulizana kama nimeacha kuandika programu nikaenda kuuza viazi karai. La, bado nipo kazini, na bado nipo Tudor. Mara ya mwisho niliahidi kuandika juu ya hifadhidata, lakini hifadhidata zitangoja. Kuna jambo limenikaa kooni na leo nalitoa.

Kwa wale ambao hawakusikia: mwezi uliopita nilialikwa redioni. Stesheni sitaitaja, kwa sababu ugomvi wangu si wa mtangazaji mmoja. Tuliongea nusu saa nzima, na mengi yalikuwa mazuri: kufundisha vijana programu kwa Kiswahili, mifumo ya maduka ya dawa, kwa nini tovuti nyingi za hapa kwetu hufa baada ya mwaka. Karibu na mwisho akaniuliza, "Na ukimaliza kazi unafanya nini?"

Nikamwambia ukweli. Adhana ya magharibi ikilia nazima kompyuta. Simu naiacha juu ya friji. Natoka nje, nakaa barazani na wazee na vijana wa mtaa mpaka saa tatu usiku. Tunacheza dhumna, tunakunywa kahawa chungu, tunabishana.

Akacheka. Kisha akasema, "Sasa si ndiyo maana watu wa Pwani mnaachwa nyuma?"

Nilimjibu kwa dakika tatu au nne, na nadhani nilimjibu vizuri. Lakini kipande kilichozunguka WhatsApp kesho yake kilikuwa cha sekunde arubaini: mimi nikitaja friji na dhumna, na yeye akicheka. Jibu langu halimo. Binamu yangu aliye Nairobi akanitumia kipande hicho na maneno mawili: "Umetuaibisha, yakhe."

Basi jibu lenyewe ndilo hili, na hapa hakuna wa kulikata.

Kwanza tumalize hili la uvivu. Kila Mkenya amelisikia: Mpwani mvivu, Mpwani anapenda kivuli, Mpwani anashinda barazani. Sasa wewe unayelisema hilo kwenye intaneti, hebu jiulize limekufikiaje. Kebo ya TEAMS, inayotuunganisha na Fujairah, ilitua hapa Mombasa mwaka 2009. Ya SEACOM ikaanza kazi mwaka huohuo. EASSy ikafuata 2010. Mwezi wa Februari 2012 meli ilipoteremsha nanga mahali pasipofaa nje ya bandari yetu ikaikata TEAMS, intaneti ya nchi nzima ilipungua kasi. Ukicheka watu wa Mombasa, kicheko chako chenyewe kinapita chini ya bahari yetu kwanza.

Lakini sitaki kujitetea kwa kebo. Nataka kutetea baraza. Na nikitaka kusema kweli, lazima nianze na siku niliyolisaliti.

Mara yangu ya kwanza kuhojiwa ilikuwa mwaka 2017, runingani, Nairobi. Wakanivalisha koti, wakanipaka poda usoni, wakanitambulisha kama kijana wa Tudor anayefanya kazi na Marekani. Wakaniuliza siri ya mafanikio. Nikasema nalala saa nne tu kwa siku. Nikasema kijana anayetaka kufaulu aache kukaa vibarazani, kwa sababu usiku ndio wakati wa kazi. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu, nikitabasamu. Mtangazaji akageukia kamera akasema, "Vijana, mmesikia?"

Wakati huo nilikuwa mwaka wa pili nikifanyia kazi kampuni moja ya California. Piga hesabu uone jinsi saa zilivyopangwa. Saa kumi na mbili na nusu jioni hapa Mombasa, kule ni saa moja na nusu asubuhi, au saa mbili na nusu kutegemea msimu. Wanapoketi mezani na chai yao, sisi ndio tunaita magharibi. Kwa hiyo mtu anayefanyia kazi pwani ile ya Marekani akiwa Mombasa hauzi saa zozote tu. Anauza jioni. Asubuhi yake hakuna anayeitaka. Kinachonunuliwa ni zile saa baba karudi, watoto wako nyumbani, jirani katoa mkeka, na mzee wa kahawa anapita akigonganisha vikombe.

Niliuza jioni zangu miaka mitatu. Sikuona kama nauza kitu, kwa sababu nilikuwa nyumbani. Nilikuwa chumba cha mbele, dirisha langu linatazama baraza moja kwa moja. Baba alikuwa akikaa pale kila siku na wenzake. Nyakati nyingine aligonga dirisha: "Mwanangu, njoo ukae kidogo." Nami nikijibu, "Dakika tano, Baba." Chakula nililetewa mezani. Mimi na Baba tulikaa nyumba moja tukisalimiana kupitia nondo za dirisha.

Baba alifariki 2018. Siku ya tatu ya matanga, wageni wamepungua, nimekaa na wazee wake wa dhumna, mmoja akasema, kana kwamba ni jambo ambalo kila mtu analijua, "Maskini, mwaka wote ule tulikuwa tunamsomea vete."

Nikauliza, kumsomea kwa nini?

Wakatazamana. Yule mzee akaniambia taratibu kwamba jicho la kulia la Baba lilikuwa halioni kabisa, na la kushoto lilikuwa na ukungu. Wao walikuwa wakimtajia nukta za kila kete inayowekwa chini, naye anacheza kwa kumbukumbu. Na mara nyingi alishinda. Nikauliza mbona hakuniambia. "Alisema uko kazini, usisumbuliwe."

Kisha akaongeza jambo ambalo nafikiri alilisema kunifariji. Siku niliyotokea runingani walitoa televisheni nje ili wote waone. Baba alikaa mbele kabisa. Kila baada ya muda alikuwa akiwauliza wenzake, "Amevaaje? Amevaa vizuri?"

Nataka uelewe kazi niliyokuwa nikiifanya miaka ile. Nilikuwa nikiandika programu ya kulinda seva. Seva iliyoko Oregon ikichelewa kujibu kwa sekunde mbili, kengele inalia kwenye simu yangu hapa Tudor, hata iwe saa nane za usiku. Niliijenga vizuri, haikukosea hata mara moja. Na mtu aliyenizaa, hatua sita kutoka kiti changu, alipoteza macho mwaka mzima nisijue. Daktari niliyemweleza dalili hizo baadaye alisema huenda ulikuwa mtoto wa jicho, na mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mfupi, mgonjwa akarudi nyumbani siku hiyohiyo. Wazee wa baraza walikuwa wamemwambia aende hospitali. Aliyefaa kumshika mkono kumpeleka alikuwa ndani akingoja kengele ya Oregon.

Kwa hiyo mtu akinicheka hewani kwa sababu nazima simu magharibi, mimi najua anacheka nini. Yeye hajui.

Sasa tuje kwenye hoja, maana huzuni si hoja.

Wanaonialika redioni wanaamini kwamba studio ndiyo kazi na baraza ndio upotevu wa wakati. Mimi nasema ni kinyume. Kila neno la maana nililowahi kulisema kwenye kipaza sauti nililipata nikiwa sina kifaa mkononi. Ule mfumo wa maduka ya dawa ambao mtangazaji aliusifu haukutoka kwenye kongamano. Ulitoka kwa mzee mmoja aliyelalamika barazani kwamba kila duka linamwandikia dawa yake ya presha kwa jina tofauti, akaishia kunywa dawa moja mara mbili. Kama ningekuwa dirishani nikijibu ujumbe, ningelisikiaje?

Na kama unataka mfano mkubwa kuliko mimi, huna haja ya kutoka Tudor. Nani katika mji huu ameonekana na kusikika kwenye vyombo vya habari vya dunia kuliko Profesa Ali Mazrui? Mwaka 1979 alitoa zile Reith Lectures za BBC. Mwaka 1986 akaja na The Africans: A Triple Heritage, sehemu tisa za runinga zilizoonyeshwa na BBC kule Uingereza na PBS kule Marekani. Maneno yake yaliwachoma watu hata Lynne Cheney, aliyekuwa mkuu wa mfuko wa serikali ya Marekani uliochangia fedha, akataka jina la mfuko huo liondolewe kwenye filamu.

Sasa huyu mtu alianzia wapi? Mtihani wake wa shule ya sekondari haukwenda vizuri, akakosa nafasi Makerere. Akapata kazi katika Mombasa Institute of Muslim Education, MIOME kama wazee wanavyoiita. Hiyo ndiyo ikaja kuwa Mombasa Polytechnic, na tangu 2013 inaitwa Technical University of Mombasa. Ni hapa hapa Tudor, ukipita Tom Mboya Avenue unayaona majengo yale ya kuba. Na kilichomfungulia njia ya kwenda kusoma Uingereza kilikuwa hotuba ya Maulidi aliyoitoa mwanzoni mwa miaka ya 1950, ambayo gavana wa kikoloni, Sir Philip Mitchell, aliisikia akavutiwa nayo. Kijana aliyefeli mtihani alisimama mbele ya watu wa mji wake akazungumza wakamsikiliza. BBC ilikuja baadaye sana. Na mwaka 2003 kijana huyohuyo akawa Chansela wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Cha teknolojia, tafadhali.

Mji huu umejaa mifano ya namna hiyo. Babake, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu, alianzisha kijigazeti cha Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932 ili kuzungumza na watu wa mji wake juu ya mambo yao. Hata neno runinga ambalo nimelitumia hapa limetungwa na mshairi, Sheikh Ahmed Nabhany, mtu wa Matondoni aliyeishi hapa Mombasa mpaka alipofariki 2017. Mtafiti Mjerumani, Kai Kresse, alikuja kukaa na wasomi na washairi wa mji huu, akaandika kitabu kizima kilichotoka 2007, Philosophising in Mombasa. Baraza linamo ndani yake kama mahali ambapo watu hufikiri. Ilibidi mgeni aje kutuambia, na bado sisi tunaliita kijiwe cha wavivu.

Najua mtaniuliza: je, mteja akikwama usiku? Swali zuri, tujibu kama mafundi. Moja, tuko watu wanne, na kila wiki mmoja ana zamu ya usiku. Zamu yangu ikifika, simu iko mfukoni na barazani nawaambia mapema kwamba leo mimi ni nusu mtu. Pili, programu inayohitaji mwenyewe aamke kila usiku ni programu mbovu, na dawa yake ni kuirekebisha mchana. Tatu, dharura nyingi si dharura. Mwaka 2024 mwezi wa Mei, kebo za EASSy na SEACOM zilipokatika kusini huko na Afrika Mashariki nzima ikalia intaneti, runinga moja ilinipigia simu jioni nikaeleze. Simu ilikuwa juu ya friji. Niliwapigia kesho yake asubuhi wakanilaumu kwamba habari imeshapoa. Sasa ningewaambia nini jioni ile? Kebo ya baharini inaungwa na meli yenye mafundi wake. Haiungwi na mimi nikiwa nimepakwa poda. Asubuhi nilieleza vizuri zaidi, kwa sababu nilikuwa nimelala na nimesoma.

Na msidhani hili ni jambo la watu wa Pwani peke yetu. Donald Knuth, aliyetuandikia TeX na The Art of Computer Programming, aliacha kutumia barua pepe tarehe 1 Januari 1990. Hajawahi kuitwa mvivu wa Pwani.

Kuna lawama mbili ambazo sizipuuzi.

Ya kwanza: "Wewe una kazi na una jina, unaweza kuzima simu. Kijana anayeanza akizima, kesho hana kazi." Ni kweli tupu. Mimi mwenyewe nilipoiambia ile kampuni kwamba sitapatikana tena jioni, mkataba wangu haukuisha mwezi. Miezi mitano nilikula akiba. Kijana asiye na akiba hawezi kufanya nilivyofanya, na sitakaa hapa nimhubirie ushujaa. Ndiyo maana nasema jambo hili lisiachiwe moyo wa mtu mmoja mmoja, liwe sheria. Ufaransa wanayo sheria hiyo tangu 1 Januari 2017: kampuni zenye wafanyakazi hamsini au zaidi lazima zijadiliane nao juu ya haki ya kutopatikana baada ya kazi. Hapa Kenya, Seneta Samson Cherarkey alileta mswada wa kurekebisha Sheria ya Ajira mwaka 2022 wenye wazo hilohilo, na shirikisho la waajiri, FKE, likaupinga. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya mazingira ya kazi yanayofaa. Mimi nauliza: mazingira yanayofaa ni kiti na feni peke yake, au na jioni imo?

Wale wanaohubiri redioni kwamba kijana asilale, hawamsaidii kijana. Wanamsaidia anayenunua jioni kwa bei rahisi. Mimi nilihubiri hivyo 2017 na sikulipwa hata shilingi, jambo linaloonyesha nilivyokuwa mjinga.

Ya pili ilitoka nyumbani. Nilipokuwa nikimsomea mke wangu rasimu ya maneno haya, nikiwa nimejaa moto, akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Baba watoto, yote mazuri. Na jioni yangu mimi iko wapi?"

Sikuwa na jibu. Baraza la nje ni la wanaume, tusidanganyane, na kila mwanamume anayekaa pale mpaka saa tatu kuna mtu ndani anayepika, anayeosha vyombo, anayewakagua watoto hesabu za shule. Nilikuwa naipigania jioni yangu huku nikiitumia yake. Kwa hiyo tumepanga upya. Jumatatu na Jumatano mimi nabaki na watoto, yeye anakwenda Mji wa Kale kwa mamake, ambako wanawake wa ukoo wanakutana, na simu yake anaiacha juu ya friji palepale. Wali wangu bado unashika chini ya sufuria. Watoto wanavumilia.

Kwa hiyo wale wa barazani wanaoniona sipo siku hizo mbili, msiseme nimerudi California.

Nafunga kwa tangazo. Stesheni ileile imenialika tena, wanasema watanipa nafasi ya kufafanua. Walitaka kipindi cha jioni, saa moja mpaka saa mbili, kwa sababu ndicho chenye wasikilizaji wengi. Nimewaambia saa hizo sipatikani. Wamekubali Alhamisi saa nne asubuhi, moja kwa moja hewani, bila kukata.

Na kama wewe umemwambia mtu "dakika tano" kupitia dirishani jioni ya leo, funga hiyo kompyuta utoke nje sasa hivi. Hifadhidata nitaiandika wiki ijayo.